Nyota Tano za Mama Pacha

Nipe jina lolote la biashara, hata la duka lililojificha nyuma ya choo cha soko, nami nitalipandisha ukurasa wa kwanza mtandaoni kabla chai yako haijapoa. Sijawahi kushindwa. Mtaani wananiita Injini, na jina hilo sikujipa mwenyewe.

Haya, nilijipa mwenyewe. Lakini walikubali.

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita asihangaike, hasara ni yangu. Mliniacha barabarani na begi langu, nimetimuliwa kwenye duka la magodoro. Nilikuwa nimeijaza tovuti yao neno "godoro" mpaka sentensi zikakosa pumzi. "Godoro letu ni godoro kati ya magodoro ya godoro bora." Mtambo wa kutafutia si mjinga. Ukiona neno moja limerundikwa kama nguo chafu, unakushusha chini kabisa, huko wasikofika hata wenye wivu. Mwenye duka naye akanishusha ngazi.

Nikaenda kwa dada, mtaa uleule.

Dada yangu anafanya kazi mapokezi kwenye zahanati. Ana macho ya mapokezi: akikutazama mara moja anajua kama unaumwa au unatafuta karatasi ya kukaa nyumbani. Mumewe, shemeji yangu, ni fundi wa kufuli. Ana kibanda chembamba kati ya kinyozi na mshona viatu, ukuta mzima umejaa funguo zisizo na milango. Si msemaji. Ukimsalimia atajibu "salama," kisha anaendelea kuchonga ufunguo kama mtu aliyemaliza hotuba.

Shida ilikuwa moja. Simu yake ilikuwa hailii.

Ng'ambo ya barabara kuu kuna fundi mwingine anayeitwa Bisibisi. Mtu akifungiwa nje, Bisibisi. Ufunguo ukikatikia kitasani, Bisibisi. Mtoto akijifungia bafuni, Bisibisi.

"Anatuibia," nilimwambia shemeji siku ya kwanza.

"Nani?"

"Bisibisi. Mtu hawezi kupata wateja wote hao kihalali. Kuna mchezo."

Shemeji akapuliza vumbi la shaba kwenye ufunguo. "Labda hupokea simu."

Nikamhurumia. Watu wema hawaoni hila hata zikikaa nao meza moja.

Dada ndiye aliyepanga masharti. "Utalala kwenye kochi. Utamtangaza shemeji yako mtandaoni mpaka simu ilie. Isipolia, utatafuta kochi lingine."

"Dada, nipe wiki."

"Nimekupa kochi."

Nikaanza kazi, na hapa ninyi wenye biashara mnaweza kuchukua kalamu, maana nilianza vizuri. Kibao cha shemeji kiliandikwa: HUDUMA BORA ZA KIUSALAMA ZA MILANGO NA VITASA.

"Shemeji," nikamwambia, "mtu amesimama nje ya mlango wake. Mvua inamnyeshea, mkojo umembana. Atachapa kwenye simu 'huduma bora za kiusalama'?"

"Sijui."

"Atachapa 'fundi kufuli karibu'. Basi nasi tuandike hivyohivyo, kama anavyosema aliyebanwa."

Shemeji alicheka. Mara moja tu, kwa pua. Lakini nilihesabu kuwa ushindi.

Nikaandika hivyo kwenye tovuti, mara moja tu, maana godoro lilikuwa limenifunza. Nikamweka kwenye ramani ya mtandao. Ikabaki picha ya kibanda. Kibanda chenyewe mlango umepinda, bati lina kutu, na mshona viatu hupenda kuanika soksi zake hapo mbele. Nikaona aibu. Nikatafuta picha ya jengo la vioo, refu, lenye bendera, nikaiweka hiyo.

Kisha nikatafuta "fundi kufuli karibu" kwenye simu yangu.

Shemeji. Wa kwanza. Juu kabisa, juu ya Bisibisi, juu ya kila mtu.

Nilipiga ukelele hadi kinyozi akamkata mteja wake sikio kidogo.

Jioni nilimwonyesha dada. Akatazama, kisha akanitazama. Kesho yake alirudi kutoka kazini akiwa bado hajavua beji.

"Leo nimetafuta kwenye simu ya mwenzangu pale zahanati. Wa kwanza ni Bisibisi. Wa pili ni duka la vyuma. Wa tatu ni mzee mmoja ambaye alishafariki, tulimzika. Mume wangu hayupo."

"Haiwezekani. Tazama hapa." Nikatafuta tena. Shemeji, wa kwanza.

"Tafuta kwenye simu yangu."

Nikatafuta kwenye simu yake. Bisibisi. Duka la vyuma. Marehemu.

Ndipo nilipoelewa. Simu yangu ilikuwa imezoea. Nilikuwa nimemtafuta shemeji na kumbofya mchana kutwa, nayo ikasema moyoni, huyu bwana anampenda huyu fundi, tumpe anachotaka. Ilikuwa inanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwa hiyo ukitaka kujua umefika wapi, usijiulize mwenyewe. Azima simu ya mtu asiyekujua, ikiwezekana asiyekupenda.

"Kochi," dada akasema, "lina siku zake."

Usiku ule nikachunguza ukurasa wa Bisibisi kama polisi anavyochunguza buti la gari. Nikaona siri yake. Maoni! Watu walikuwa wamemwandikia sifa, na nyota tano tano. Shemeji hakuwa na hata moja, kama mtoto asiyepigwa picha.

Nikajiambia, huyu kazinunua sifa hizi. Haiwezekani watu kwa hiari yao wakae chini waandike habari za kitasa. Amedanganya. Na kama yeye amedanganya, mimi nikidanganya kidogo si dhambi, ni kusawazisha mizani.

Sasa naomba mnisikilize kwa utulivu.

Mtaani kwetu mtu akinunua simu mpya haianzishi bila mimi. Namfungulia akaunti, namwekea neno la siri, namwambia alikariri. Hakariri. Kesho asubuhi yuko mlangoni: "Injini, neno langu lilikuwa lipi?" Keshokutwa tena. Mwisho nikaona heri niwakaririe mimi. Akaunti za mtaa mzima zikabaki zimefunguliwa kwenye simu yangu, nikibonyeza hapa ni mwalimu mstaafu, nikibonyeza pale ni muuza mkaa.

Najua mnachofikiri. Hata mimi nilikifikiria, kisha kikapita.

Nikaanza na mwalimu mstaafu. "Fundi mwaminifu. Nyota tano." Nikaisoma. Kavu kama mkate wa juzi. Nani ataamini? Sifa ya kweli ina jasho ndani yake, ina saa, ina hali ya hewa, ina mtu aliyelia.

Nikabonyeza akaunti ya Mama Pacha.

Mama Pacha ni jirani wa ukuta kwa ukuta. Mshonaji, cherehani yake ndiyo saa yetu ya kuamkia. Mumewe, Baba Pacha, ni dereva wa lori la masafa marefu, huondoka akarudi baada ya siku nyingi, na akirudi mtaa mzima unajua kwa sauti.

Nikaandika, na mkono ulikuwa unakwenda wenyewe:

"Usiku wa mvua kubwa nilifungiwa nje na wanangu, mume wangu akiwa safarini. Nikampigia fundi huyu. Alikuja palepale, ameloa mpaka soksi, hakulalamika. Alinituliza nilipokuwa nalia, akafungua mlango bila kukwaruza hata rangi. Nilipotaka kumlipa akakataa. Mwanamume mwenye moyo wa pekee. Nyota tano."

Niliisoma nikalengwa na machozi. Nikairusha hewani.

Na simu ikalia! Nisiseme uongo hata kwa hilo. Kesho yake ililia, na siku iliyofuata ikalia tena. Wawili kati ya waliopiga walisema wamezunguka wakitafuta jengo la vioo wakalikosa, lakini wengine walifika. Shemeji akaanza kutoka na mkoba wake wa vifaa huku anapiga mluzi. Dada akanipa mto wa kochi. Nililala nao kichwani kama taji.

Furaha ya maskini haina mizizi. Adhuhuri moja dada aliingia nyumbani kabla ya muda wa kutoka kazini. Hakuvua viatu.

"Njoo hapa, mdogo wangu."

Alipenda kuniita "wewe." Akiniita "mdogo wangu" ujue kuna msiba au kuna kazi.

"Nilikuwa nasoma sifa za shemeji yako," akasema. "Nilitaka niwasomee wenzangu, nijivune. Soma hii."

Nikapokea simu. Nikasoma maneno yangu mwenyewe. Yalikuwa bado mazuri.

"Inapendeza," nikasema.

"Soma vizuri. Usiku wa mvua. Unaukumbuka?"

"Mvua zimenyesha nyingi, dada."

"Alirudi ameloa mpaka soksi. Nilizikamua mimi kwa mikono hii. Nikamuuliza ulikuwa wapi, akasema alikwenda kumfungulia mfamasia duka la dawa. Duka la dawa! Kumbe alikuwa hapa, nyuma ya ukuta wangu, anamtuliza mtu analia."

Wasomaji wangu, soksi zile nilikuwa nimeziona mimi pia, zikidondosha maji jikoni. Ndiko nilikozitoa. Nilikuwa nimeazima soksi za kweli nikazivisha uongo.

"Na hakutoza," dada akaendelea. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na dada sauti ikishuka ni hatari kuliko ikipanda. "Mwanamume huyu humtoza hata mama yake mzazi. Alimchongea ufunguo wa kabati, akamtoza. Huyu amemsamehe kwa kipi?"

"Labda alimwonea huruma."

"Huruma za usiku."

"Dada, umemuuliza mwenyewe?"

"Nimuulize ili aandae jibu? Wewe ndiye mtaalamu. Ingia huko mtandaoni uchimbue. Nataka kujua kama kuna mengine. Picha, ujumbe, chochote. Ukipata ukinificha, mimi na wewe basi." Akafuta jicho moja kwa kidole, haraka, kama anatoa vumbi. "Jumapili Baba Pacha anarudi. Tutakaa wote wanne. Na nikithibitisha, nafunga virago narudi kwa mama."

Hapo ndipo nilipopewa kazi ya kumtafuta mwizi ambaye nilikuwa nimemnyoa ndevu asubuhi ile kwenye kioo.

Ningesema palepale. Nilifungua mdomo kabisa. Kilichotoka ni hiki:

"Dada, mimi nashuku Bisibisi."

"Bisibisi afanye nini?"

"Aandike yeye. Kwa akaunti ya Mama Pacha. Wanaita kudukua."

"Bisibisi amsifu adui yake? Kwa nyota tano?"

"Ndiyo ujanja wenyewe. Anakusifu hadi nyumba yako iungue."

Dada akalipima neno hilo. Aliponitazama nikaona ametamani sana kuamini, na hilo liliniuma kuliko kama angenizaba kibao.

Akatoka kurudi kazini. Nikachukua simu yangu, nikaingia kwenye akaunti ya Mama Pacha, nikayafuta yale maoni. Nikapumua. Mambo yamekwisha, nikasema. Hakuna maoni, hakuna kesi.

Asubuhi dada alinitikisa kochini.

"Ameyafuta."

"Nani?"

"Mama Pacha! Jana yalikuwepo, leo hayapo. Kwa nini mtu afute sifa asiyoionea haya?" Akaniwekea simu puani. Alikuwa ameyapiga picha yale maneno siku ileile, picha safi, hata nyota zinahesabika. "Mwenye hatia ndiye anayefagia."

Nikalala tena. Sikuwa na usingizi, nilikuwa sina pa kwenda.

Siku zilizofuata nyumba ile ilikuwa kama ofisi ya upelelezi. Shemeji akisema anatoka, dada anauliza mteja ni nani, mlango gani, rangi gani. Akirudi, anazikagua soksi. Shemeji akawa ananitazama mimi kana kwamba nina jibu, nami natazama dari. Mluzi ukakatika. Upande wa pili wa ukuta cherehani ilikuwa inalia kama kawaida, na kila ilipolia dada alikaza taya.

Alhamisi Mama Pacha alikuja kuomba chumvi.

"Tumeishiwa," dada akasema. Chumvi ilikuwa mezani.

Mama Pacha akaiona. Akaniona nami namtazama. "Haya, jirani," akasema polepole, akaondoka. Na mimi nilikuwa nimekaa pale, kopo la chumvi limenielekea kama shahidi.

Jumapili ikafika, mchana mweupe. Dada alikuwa amepanga viti mwenyewe: yeye na shemeji upande huu, wale majirani upande ule, mimi kwenye kochi langu katikati, kama refa. Baba Pacha alianza kelele tangu nje.

"Nimeitwa nikiwa nimebeba saruji! Nimeendesha usiku na mchana! Nasikia mke wangu ana fundi!"

"Hana fundi," Mama Pacha akasema nyuma yake. "Ana cherehani na watoto wawili wenye homa. Punguza sauti."

"Sipunguzi! Mwanamume mwaminifu hapunguzi sauti!"

Wakakaa. Dada akasoma maneno yale kwenye simu yake, mpaka mwisho, bila kumtazama mtu. Nyota akazitaja pia.

Shemeji alikuwa wa kwanza kusema. "Mimi sijawahi kufungua mlango wa jirani yangu. Hata siku moja."

"Na soksi?" dada akauliza.

"Nilikwambia. Duka la dawa."

"Mimi kuandika?" Mama Pacha akasema. "Jirani, mimi nikitaka kumwambia mtu kitu namtumia sauti. Hata fundi wa cherehani namtumia sauti. Tangu lini nimeandika 'moyo wa pekee'?"

"Jina ni lako! Picha ni yako!" Baba Pacha akampigia kelele. "Kikulacho ki nguoni mwako! Mimi niko barabarani naumia mgongo, wewe unatulizwa!"

Dada akanigeukia. "Injini. Sema ulichochimbua."

Macho yote yakaja kwangu. Nikakohoa kitaalamu.

"Dalili zinaelekea kwa Bisibisi," nikasema. "Mpinzani. Ana sababu na ana ujuzi."

"Tumsikie," shemeji akasema, na kabla sijapata pa kumzuia alikuwa ameshapiga simu na kuweka spika.

Ililia mara moja tu. "Fundi hapa, mlango gani?"

Shemeji akamweleza, kwa maneno machache kama kawaida yake. Bisibisi akacheka mpaka akakohoa.

"Nidukue mimi? Ndugu yangu, mimi nimeweka picha ya mlango wangu, namba ile ile kila mahali, na saa ninazofungua. Mteja akitoka namwambia, 'Ukiridhika niandikie.' Basi. Uchawi wangu ndio huo. Wewe nani kakuwekea jengo la vioo? Watu wanakuja kwangu wanauliza hilo ghorofa liko wapi."

Sikumtazama mtu.

"Na huo usiku wa mvua," Bisibisi akaendelea, "wewe si ndiye tuliyegongana mlangoni kwa mfamasia? Alitupigia wote wawili kwa kuchanganyikiwa. Ukaniwahi. Nilirudi nyumbani nimeloa bure, na mpaka leo sijakusamehe."

Simu ikakatwa. Dada akamtazama mumewe. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaupeleka mkono polepole akamshika kifundo cha mkono. Mabega ya shemeji yalishuka kama mzigo umeteremshwa.

Nikajiambia, Injini, umepona. Shemeji kasafishika, dada harudi kwa mama, kochi limebaki. Nilikuwa hata nimeanza kutabasamu.

Baba Pacha akasimama.

"Subirini," akasema. "Kama huyu alikuwa dukani kwa mfamasia, basi nyumbani kwangu usiku ule alikuwa nani?"

Hakuna aliyelifikiria hilo.

"Maana mtu alikuja!" Akamnyooshea mkewe kidole. "Umeandika mwenyewe! Fundi gani huyo, aliyekataa pesa? Mtaje! Umeyafuta kwa sababu gani kama hakuna mtu? Leo unanitajia au leo unaondoka kwangu na cherehani yako!"

Mama Pacha hakupiga kelele. Kama angepiga ningevumilia. Alikaa amekunja mikono mapajani, machozi yanatiririka yenyewe, anarudia tu, "Sikuandika. Sikuandika mimi. Wallahi sikuandika." Akamgeukia dada. Dada, ambaye wiki nzima alikuwa anakaza taya kila cherehani ikilia, akatazama chini.

Na mimi, wasomaji, nina kasoro nyingi, lakini moyo ninao, hata kama umewekwa mahali pabaya. Nikajisikia kumsaidia. Siyo kwa kusema ukweli, hapana, huko sikufika. Nikataka kumsaidia kwa ufundi. Nilijua akaunti huandika imetumiwa kwa simu ipi. Nikiwaonyesha kwamba maneno yale hayakutoka kwenye simu ya Mama Pacha, ataachiliwa. Kuhusu yametoka kwenye simu ya nani, nilitegemea nitateremsha kidole haraka kabla mtu hajasoma.

"Baba Pacha, tulia," nikasema. "Nitakuthibitishia sasa hivi kwamba mkeo hana kosa."

Nikatoa simu yangu. Vidole vikafanya vilivyozoea, tap, tap, huku naeleza kwa sauti ya wataalamu: "Kila akaunti ina historia. Tunaingia hapa, halafu tunashuka hapa, hapa kwenye vifaa, mnaona, halafu..."

 

Mama Pacha alikuwa amesogea. Alikuwa ameinama juu ya bega langu, machozi bado yako kidevuni, anatazama kioo cha simu yangu. Pale juu, kwenye duara dogo, ilikuwa picha yake, amewapakata mapacha siku ya kunyolewa.

"Huyo ni mimi," akasema.

"Ndiyo, Mama Pacha, nakusaidia..."

"Umeingiaje?"

"Nimeingia tu, ni kawaida, kuna njia za..."

"Hujaniuliza neno la siri." Alikuwa anasema polepole, kama anayetafuta mwanzo wa uzi. "Simu yangu iko nyumbani kwenye chaji. Umetoa yako mfukoni, umebonyeza, nikatokea. Kama vile nakaa humo."

Shemeji akaweka simu yake mezani, kwa upole sana.

"Injini," dada akasema. Halafu akasema tena, lakini safari hii alitumia jina nililopewa na mama, ambalo gazetini sitaliandika.

"Dada, ngoja nieleze."

"'Moyo wa pekee,'" dada akasema. "Nilijiuliza niliyasikia wapi maneno hayo. Ulimwandikia mama kwenye kadi."

Baba Pacha akapasuka. "Kumbe ni wewe! Kinda hili! Umenivunjia nyumba yangu! Mimi mtu safi, mtu wa kazi, naaibishwa mbele za watu na mtoto wa simu! Mshikeni! Nimempakia mke wangu dhambi bure!" Alikuwa anapiga kifua, anazunguka, mate yanaruka. "Mimi ninayeishi kwa uaminifu! Mimi ambaye..."

"Na yake unayo?" Mama Pacha akauliza.

Hakuwa anamsemesha mumewe. Alikuwa bado ameinama juu ya bega langu, na machozi yalikuwa yamekauka.

"Nini, Mama Pacha?"

"Akaunti. Ulinifungulia yangu na yake siku moja, tulinunua simu pamoja. Yangu unayo humo. Na ya mume wangu unayo?"

Nilimtazama Baba Pacha. Mdomo ulikuwa wazi, lakini sauti, ile sauti ya lori lisilo na breki, ilikuwa imezimika katikati ya neno. Akatazama simu mkononi mwangu. Akatazama mlango. Kisha akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kiti.

"Twende nyumbani, mama watoto," akasema, taratibu kabisa. "Tumewachosha majirani. Mtoto amekosea, tumsamehe. Twende."

"Kaa," Mama Pacha akasema.

Akanyoosha kidole chake cha ushonaji, chenye alama za sindano, akakiweka juu ya kioo cha simu yangu.

"Nimekuuliza, kijana. Unayo au huna?"